Stata ya asili au stata ya kisasa kwenye gari la kale: ninyi mlichagua ipi, na kwa sababu gani?

#1 Mtunza Chuma
Wakuu, salaam. Nina MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya mwaka 1965, injini ya sentimita za ujazo 1798, na stata iliyomo ni ile ile ya asili, Lucas M418G, ambayo pinioni yake, ile gia ndogo ya mbele, huteleza kwenye hesi (mifereji kama ya skrubu) ya shafti na kurukia meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini, mara mota inapoanza kuzunguka. Asubuhi, injini ikiwa baridi, inawaka mara moja. Tatizo linakuja baada ya mwendo wa saa nzima: nikizima kwa dakika kumi kisha nikapiga stata, injini inazunguka kwa uzito, na mara nyingine inasita kabisa katikati ya mzunguko kabla ya kuendelea.

Nimefika njia panda. Naweza kuifanyia stata hii ukarabati kamili, au naweza kununua ya kisasa, zile ndogo zenye gia ndani yake. Napenda mlio wa chuma ule wa stata ya zamani inapong'ata flaiwili, na kitu kilichodumu na gari kwa miaka hii yote sikitupi kwa wepesi. Lakini pia nimechoka kutafuta mteremko kila ninapotaka kuegesha. Naomba uzoefu wenu.

#2 Gia Ndogo
Karibu, mkuu. Mimi nilibadilisha miaka saba iliyopita na sijawahi kujuta. Stata ya asili huzungusha pinioni moja kwa moja kutoka kwenye mota, kwa hiyo mota lazima iwe kubwa na nzito ili ipate nguvu kwenye mwendo mdogo. Ya kisasa ina mota ndogo inayozunguka kwa kasi kubwa, na kati yake na pinioni kuna gia zinazopunguza mwendo huo takribani mara nne na kuongeza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Matokeo yake ni kwamba inakula umeme mdogo zaidi, ina karibu nusu ya uzito, na betri iliyochoka kidogo bado inaweza kuwasha injini. Tena pinioni yake husukumwa na solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya umeme, mpaka iingie kwenye meno kwanza, ndipo mota ianze kuvuta kwa nguvu zote, kwa hiyo flaiwili haipigwi kila siku.

#3 Voltimita
Mleta mada, nakusihi usinunue chochote kabla hujapima. MGB ya mwaka huo ina betri mbili za volti 6 zilizofungwa nyuma ya viti na kuunganishwa mfululizo, maana yake umeme wa stata unasafiri karibu urefu wote wa gari ukipitia viunganishi vingi, na kila kiunganishi ni mahali pa kutu. Stata inapozungusha injini huvuta zaidi ya ampea 100, na inapoanza kabisa huvuta mara kadhaa ya hapo. Kwa mkondo wa namna hiyo hata ukinzani mdogo usioonekana kwenye mita ya kawaida unakula nguvu nyingi.

Fanya hivi injini ikiwa ya moto, tatizo likiwa limejitokeza. Weka ncha moja ya voltimita kwenye nguzo ya betri yenyewe, si kwenye kishikio chake, na nyingine kwenye bolti ya stata inayopokea waya mnene. Mwenzako apige stata, nawe usome. Ikizidi nusu volti, waya au swichi ya solenoidi inakuibia. Kisha rudia upande wa pili: nguzo ya betri iliyoungwa kwenye bodi na ganda la stata. Hapo mimi sivumilii zaidi ya volti 0.3. Mwisho pima betri zote mbili kwa pamoja wakati stata inafanya kazi. Zikishuka chini ya volti 9.6, chunguza kila betri peke yake, kwa sababu moja ikifa nyingine huonekana nzima.

#4 Joto Kali
Pamoja na yote aliyosema Voltimita, dalili ya kusumbua injini ikiwa ya moto tu inaelekeza kwenye joto. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Stata ikipata digrii 80 zaidi ya asubuhi, nyaya za ndani zimeongeza ukinzani kwa karibu theluthi moja, na hakuna ukarabati unaoweza kubadilisha tabia hiyo ya shaba. Kwa kuwa stata inakaa jirani na eksozi, ningeweka bati la kukinga joto kwanza.

#5 Bushi ya Shaba
Joto Kali, hesabu yako ni sahihi, lakini mahali umekosea. Kwenye injini hii kabureta na eksozi viko upande wa kushoto, na stata iko upande wa kulia, chini ya distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Bati la kukinga joto halitakuwa na kitu cha kukinga. Joto linaloifikia stata linatoka kwenye bloku na kwenye nyumba ya flaiwili.

Maoni yangu ni kwamba bushi zimekwisha. Amecha, yaani kile kiini kinachozunguka, hushikiliwa na bushi za shaba kila ncha, na nafasi kati yake na vyuma vya sumaku vinavyoizunguka ni ndogo sana. Bushi zikilika, amecha inashuka upande mmoja na kugusa vyuma hivyo, hasa inapovutwa kwa mkondo mkubwa. Mtunza Chuma, ifungue uitazame kwenye mwanga wa pembeni. Ukiona utepe unaong'aa juu ya amecha, kana kwamba mtu ameusugua kwa msasa laini, na alama kama hiyo kwenye chuma kimoja au viwili vya pembeni, basi umepata jibu. Nimeziona alama hizo mara nyingi kwenye stata ambazo wenyewe waliambiwa kuwa zimekufa, na bushi mbili mpya zikazirudisha kazini.

Bushi hizo zina vinyweleo. Zilowekwe kwenye oili nyepesi ya injini kwa saa 24 kabla ya kufungwa, na zisichongwe ndani baada ya kuingia, kwa sababu vinyweleo vitaziba.

#6 Msuka Koili
Naunga mkono hoja ya bushi. Akishafungua, abadilishe na kaboni zinazopeleka umeme kwenye amecha zikiwa zimebaki chini ya milimita 8, asafishe kwa msasa komyuteta, yaani vile vipande vya shaba ambavyo kaboni huvigusa, na akate maika, kizuia umeme kilicho kati ya vipande hivyo, ili isipandishe kaboni. Na ile hesi ya pinioni aipake grisi.

#7 Bushi ya Shaba
Ndugu Msuka Koili, mambo mawili ya mwisho naomba tuyarekebishe kabla hajayafanya. Kukata maika ni kwa dainamo. Kwa stata hizi za Lucas maelekezo ya kiwanda yanakataza, kwa kuwa unga wa shaba na kaboni hujaa kwenye mifereji hiyo na kuunganisha vipande. Na hesi ya pinioni isipakwe grisi wala oili nzito. Vumbi la klachi hushikamana nayo, pinioni ikakwama, nawe ukasikia mota inalia peke yake huku injini imetulia. Isafishwe kwa mafuta ya taa na iachwe kavu.

#8 Msuka Koili
Nimekubali, asante. Nimezoea zaidi dainamo, na nilichanganya.

#9 Erthi Chanya
Nimesoma michango yote na hakuna aliyegusa jambo ambalo mimi lilinigharimu siku mbili. MGB ya mwaka 1965 ina chanya kwenye bodi, yaani nguzo chanya ya betri ndiyo iliyoungwa na bodi ya gari. Stata ya asili haijali, kwa sababu sumaku zake nazo ni nyaya zinazopitisha umeme ule ule. Ukigeuza chanya na hasi, uga wa sumaku na mkondo wa amecha vyote viwili vinageuka, na mota inaendelea kuzunguka upande ule ule. Stata nyingi za kisasa zina sumaku za kudumu. Hizo ukizigeuzia umeme, mota inazunguka kinyume.

Mimi nilifunga moja kwenye gari langu la chanya kwenye bodi bila kujua. Nilipogeuza ufunguo solenoidi iligonga vizuri, pinioni ikaingia, na nikasikia mota inazunguka kwa kasi kubwa, lakini feni ya injini haikutikisika hata kidogo. Nilidhani gia za ndani zimevunjika. Nikaitoa, nikaifungua, kila kitu kizima. Kumbe mota ilikuwa inazunguka upande ambao klachi ya pinioni haishiki. Aliyeniuzia hakuniuliza, nami sikumwambia. Ukiamua kununua, uliza kwa maandishi kama ni ya chanya kwenye bodi.

#10 Gia Ndogo
Erthi Chanya, ahsante kwa kunirekebisha, maana gari langu ni la mwaka 1970 na lina hasi kwenye bodi. Jambo hilo halikunijia kabisa. Kugeuza mfumo mzima kunawezekana: betri zigeuzwe na vishikio vibadilishwe kwa kuwa nguzo zake hazilingani unene, dainamo ipewe sumaku upya kwa kuugusisha umeme kwenye uga wake, na nyaya ndogo za koili zibadilishane. Mita ya mizunguko ya umeme nayo lazima ifunguliwe na igeuzwe ndani, la sivyo haitasoma. Si kazi ngumu, ila ni kazi ya kutwa.

#11 Hifadhi
Hapo ndipo ninapopata shida na hoja ya kisasa. Tulianza na stata inayosuasua, sasa tumefika kwenye kugeuza umeme wa gari zima. Hati ya Turin ya FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, inasisitiza kwamba badiliko lolote kwenye gari la kihistoria liwe dogo iwezekanavyo na liweze kurudishwa nyuma. Stata peke yake inarudishwa nyuma kwa bolti mbili, sina ugomvi nayo, mradi ya zamani ipakwe mafuta, ifungwe kwenye kitambaa na ihifadhiwe pamoja na gari. Lakini badiliko likianza kuita jingine, ni vema mtu asimame na kujiuliza alikuwa anatibu nini.

#12 Kumbukumbu
Naomba kuongeza upande wa historia, kwa sababu tunaziita hizi "za kisasa" kana kwamba zimezaliwa jana. Stata ya umeme iliyotokana na kazi ya Charles Kettering iliingia kwenye Cadillac za mwaka 1912. Na stata yenye gia za kupunguza mwendo Chrysler waliianza mwaka 1962, ikiwa na uwiano wa 3.5 kwa 1, na mlio wake mwembamba bado unatambulika na yeyote aliyewahi kukaa karibu na magari hayo. Kwa hiyo gari la asili kabisa la mwaka 1962 linaweza kuwa na stata ya gia kutoka kiwandani. Mpaka halisi nadhani uko kwenye sumaku za kudumu na wepesi wa ganda.

#13 Sita Volti
Kumbukumbu umenifurahisha. Kwa upande wangu nina Volkswagen ya mgongo wa duara iliyozaliwa na volti 6, kabla ya kuhamia volti 12 kwa magari ya mwaka 1967. Huko uchaguzi wa stata ni uchaguzi wa flaiwili vilevile: ya volti 6 ina meno 109 na ya volti 12 ina meno 130, na stata ya moja haiendi na nyingine. Tena stata ya asili haina bushi ya mbele. Ncha ya shafti hukaa ndani ya bushi iliyopachikwa kwenye nyumba ya gia. Watu hubadilisha stata tatu mfululizo na lawama zote zinakwenda kwa stata, kumbe bushi iliyolika imebaki mle ndani. Stata za gia nyingi hujibeba zenyewe na hazihitaji bushi hiyo, na kwa gari langu hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nihame.

#14 Meno Yote
Sita Volti amenifungulia mlango. Mtunza Chuma, ukiwa umeitoa stata, chungulia ringi ya flaiwili, ile pete yenye meno, kupitia tundu lake huku mtu akizungusha injini taratibu kwa mkono. Injini ya silinda nne hupenda kusimama mahali pawili tu, kwa hiyo meno huliwa pale pawili na kwingine yanabaki mapya. Angalia pia upande ambao meno yamechongwa ukingo: ringi ya stata ya kuruka na ringi ya stata ya kusukumwa hazichongwi kwa namna moja, na MGB ilibadilisha aina ya stata ilipoingia toleo la pili mwishoni mwa 1967. Stata iliyoandikwa tu "ya MGB" inaweza isiwe ya ringi yako. Mimi niliipuuza tofauti hiyo, na baada ya miezi michache nilikusanya vumbi la chuma linalong'aa chini ya nyumba ya flaiwili.

#15 Waya Mweupe
Kwa watakaochagua ya kisasa, matatizo mengi ninayoletewa yanatokana na waya, stata yenyewe ikiwa salama. Solenoidi iliyo juu ya stata huvuta mkondo mkubwa inapoingia kuliko ile ndogo ya ukutani mwa chumba cha injini, na swichi ya ufunguo ya zamani haikutengenezwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo weka rilei, swichi ya umeme inayobeba mkondo huo badala ya ufunguo. Wengine hubakiza solenoidi ya ukutani na kuunganisha vituo viwili vya stata mpya kwa kipande kifupi cha waya. Ukifanya hivyo kwa mota ya sumaku za kudumu, unapoachia ufunguo mota inayoendelea kuzunguka inazalisha umeme, umeme huo unairudia solenoidi, na pinioni inachelewa kutoka huku injini imekwisha kuwaka. Waya mnene uende moja kwa moja kwenye stata, na waya mwembamba wa kuamuru upite kwenye rilei.

Magari ya baadaye yenye rezista inayopunguza volti za koili ya moto yana waya wa ziada kwenye solenoidi unaoipa koili volti zote wakati wa kupiga stata. Stata nyingi mpya hazina kituo hicho. Injini itazunguka kwa kasi ya kupendeza, na bado haitawaka.

#16 Bushi ya Shaba
Na msizigonge kwa nyundo. Ile desturi ya kugonga stata iliyokwama ilikuwa ya ganda la chuma lenye nyaya ndani. Kwenye sumaku za kudumu nyundo inapasua sumaku au kuibandua, na vipande vinasaga kila kitu.

#17 Mama Kabureta
Kaka zangu, mmezungumza stata tangu mwanzo, lakini mwenye gari alisema inasita katikati ya mzunguko. Mimi nikisikia hivyo nafikiria moto wa plagi unaokuja mapema mno. Injini ya moto huwaka kwa wepesi, mchanganyiko unashika kabla pistoni haijafika juu, nayo inasukumwa kinyume na stata. Kwa injini hii mahali pa kuanzia ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa imesimama. Jaribio lake halihitaji kufungua kitu: gari likiwa la moto na tatizo lipo, chomoa waya mwembamba wa koili kisha upige stata. Ikizunguka kwa wepesi na usawa, iacheni stata mkatazame distributa. Teke hilo hilo ndilo linalovunja springi ya Bendix, yaani ya ile pinioni inayoruka, kwenye stata za zamani na gia za ndani kwenye hizi mpya, kwa hiyo kununua mpya bila kulitazama ni kuipeleka kwenye ugonjwa ule ule.

#18 Joto Kali
Hoja nzuri, dada. Nakubali kosa la eksozi, ila la joto bado nalishikilia. Na wanaosema ya kisasa haiathiriki na joto wakumbuke kwamba sumaku za feraiti nazo hupoteza takriban asilimia 0.2 ya nguvu kwa kila digrii.

#19 Mtunza Chuma
Wakuu, nimetumia siku nzima kwenye gari na naleta majibu. Baada ya mwendo wa saa moja nilipima kama Voltimita alivyoelekeza. Betri zilishuka hadi volti 10.3, na kila moja ilibeba nusu yake sawasawa. Upande wa waya wa stata ulipoteza 0.4. Upande wa bodi ulipoteza 0.7. Utepe unaounganisha injini na bodi ulikuwa umefunikwa na oili, na chini ya bolti yake kulikuwa na rangi iliyopakwa zamani. Nilisugua mpaka chuma kikaonekana, nikafunga upya, ikawa 0.2. Injini sasa inazunguka vizuri zaidi, lakini uzito haujaisha.

Kisha nikachomoa waya wa koili kama Mama Kabureta alivyosema. Kule kusita kumetoweka, ingawa mwendo bado ni wa polepole ukilinganisha na asubuhi. Nilipoangalia, moto ulikuwa kwenye digrii 14 injini ikiwa imesimama. Nimeurudisha kwenye 10.

Mwisho nikaifungua stata. Utepe unaong'aa upo, mwembamba, kwenye vyuma viwili kati ya vinne. Kaboni zina milimita 11.

#20 Voltimita
Volti 0.7 upande wa bodi ni nyingi sana. Mimi ningesema hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya ugonjwa, na kilichobaki ni ile 0.4, tafuta kwenye solenoidi ya ukutani, sahani yake ya shaba huungua.

#21 Mama Kabureta
Kusita kulikoisha kwa kuchomoa waya mmoja hakukutokana na utepe wa bodi, maana utepe ulikuwa umekwisha kusafishwa.

#22 Bushi ya Shaba
Na amecha haikwaruzi vyuma kwa sababu ya distributa. Zibadilishe bushi hizo.

#23 Gia Ndogo
Bado nasema kwamba kwa muda uliotumia wiki hii, ya kisasa ingekuwa imefungwa na unaendesha. Lakini kwa sababu ya chanya kwenye bodi na ringi ya zamani, kwa gari lako mahususi siwezi tena kukushinikiza kama nilivyoanza.

#24 Mtunza Chuma
Bushi mpya ziko kwenye kikombe cha oili tangu jana usiku. Nilikaa nikizitazama: viputo vidogo sana vilikuwa vinatoka kwenye shaba mmoja baada ya mwingine, vikipanda kama uzi, na leo asubuhi vimekoma. Nitazifunga jioni. Sahani ya solenoidi nitaifungua baadaye, kwa siku tofauti, ili nijue kipi kimefanya nini. Ile ya kisasa sijaifuta akilini. Nimemwandikia muuzaji kumuuliza kuhusu chanya kwenye bodi na ringi ya stata ya kuruka, na nasubiri jibu.

#25 Joto Kali
Utakapopima tena, pima na joto la ganda la stata kabla ya kuondoka na baada ya zile dakika kumi za kuegesha. Hatuna namba hiyo mpaka sasa.